Maji yanatoka, vumbi bado linatimka: kutafuta kasoro kwenye bomba la maji la kukatia matofali na mawe

Kwenye saiti nyingi za hapa Tabora, vumbi likianza kutimka kwenye mashine ya kukatia, saidia fundi anarukia mpini wa tangi na kupampu. Presha inapanda, kazi inaendelea, na vumbi nalo linaendelea. Presha ya tangi peke yake haizuii vumbi. Kinachozuia ni maji yanayofika pale pale diski inapoingia kwenye tofali, kwa kiasi cha kutosha, tangu mkato unapoanza mpaka unapoisha. Kwa hiyo kasoro tutaitafuta kwa kurudi nyuma: tuanze kwenye mkato, twende kwenye nozeli (kile kichwa kinachotoa maji), mpira, koki na chujio. Tangi na pampu vije mwisho, hata kama ndivyo vinavyoonekana kwanza.

Vifaa vyenyewe vya kupeleka maji kwenye diski, ambavyo hapa tunaviita bomba, ni vya aina tatu. Kuna tangi la presha la lita 10 hivi, la kupampu kwa mkono, linaloungwa kwa mpira kwenye mashine ya petroli yenye nozeli mbili kwenye gadi, yaani kinga inayofunika diski. Kuna bomba la mgongoni la lita 16 au 20, la kupampu kwa mpini wa pembeni, lile lile la shambani. Na kuna la betri, linalofanana na hilo la pili ila lina pampu ndogo ya volti 12 ndani.

Hilo la shambani lina jambo lake, nalo si la kusubiri. Tabora ni mkoa wa tumbaku; ukitoka Sikonge ukaenda Urambo mpaka Kaliua, bomba la mgongoni halikosekani. Fundi akihitaji la kukatia pevingi, anaazima kwa shemeji. Usiazime. Bomba lililobeba dawa ya wadudu au ya magugu hubaki na dawa kwenye mpira, kwenye chujio na kwenye washa (vile vipete vya mpira au ngozi vya ndani) hata likisuuzwa mara nyingi. Ukilifunga kwenye mashine ya kukatia, diski inapasua maji kuwa ukungu na ukungu huo uko mbele ya uso wako. Utakuwa umetoa vumbi ukaweka sumu. Nunua jipya, liandike kwa rangi ya mafuta MAJI TU, na lisiende shamba hata siku moja.

Kwa nini tuhangaike hivi

Mji huu umekaa juu ya mwamba wa kale wa granite, na mchanga tunaochotea kujengea umetoka humo humo. Mchanga wa namna hiyo una kwatzi nyingi, yaani silika. Takwimu zinazotumiwa na mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza zinaonyesha zege na udongo wa kujengea wa saruji na mchanga vina silika asilimia 25 hadi 70, granite 20 hadi 45, tofali la udongo mpaka 30, wakati jiwe la chokaa na marumaru halisi havizidi 2. Vumbi unaloliona likitua kwenye nyusi si lile baya zaidi. Baya ni lile dogo lisiloonekana, linaloelea hewani muda mrefu na kuingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Huko linaacha makovu. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Aliyevuta silika kwa miaka anapatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya aina hii kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Basi tuingie kazini.

Kabla ya kugusa kitu chochote: soma tope, kisha pima kwa chupa

Kata sentimita chache, zima mashine, ngoja diski isimame kabisa, uiname uangalie mkato. Tope likiwa jepesi na linatiririka kutoka kwenye mfereji kama uji wa mgonjwa, maji yanatosha. Likiwa zito, limeganda kingoni mwa mkato, maji ni machache. Ukikuta unga mkavu umelala chini ya mfereji huku juu ya tofali kumelowa chapachapa, maji yapo lakini hayaingii panapotakiwa. Hizo ni hali tatu tofauti, na kila moja ina mahali pake pa kutafuta.

Kisha chupa. Kiwango cha chini kinachoshauriwa Uingereza kwa mashine za kukatia za mkononi ni nusu lita kwa dakika. Chupa ya maji ya kunywa ya mililita 500 ipo kila kona, na simu ina saa. Mashine ikiwa imezimwa, fungua koki, kinga maji ya nozeli zote mbili yaingie kwenye chupa (tumia faneli au kipande cha chupa nyingine kilichokatwa). Chupa ikijaa ndani ya dakika moja au chini ya hapo, kiasi kinatosha, na kasoro iko kwenye shabaha. Dakika ikipita chupa haijajaa, kasoro iko nyuma: nozeli, mpira, chujio au tangi.

Kipimo hiki kinamaliza ubishi. Nimeona mafundi wawili wakibishana asubuhi nzima kuhusu bomba la nani lina nguvu, na hakuna aliyekuwa amepima maji.

"Chupa inajaa, lakini vumbi liko pale pale"

Hii ndiyo kasoro inayowasumbua watu kuliko zote, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima.

Anza na aina ya nozeli. Nozeli inayokuja imefungwa kwenye bomba la mgongoni kwa kawaida ni ya koni, iliyotengenezwa kutoa matone madogo sana ili yafunike jani pande zote. Kwa jani ni sawa. Kwa diski inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, ni kazi bure. Diski inapozunguka inaburuta hewa pembeni yake, na upepo huo unayatupa matone madogo kabla hayajagusa chuma. Utaona ukungu mzuri unapepea huku unga unatoka chini. Unachotaka ni matone makubwa au mchirizi mwembamba unaopiga diski yenyewe. Kwenye ule mfuko wa vipuri unaouzwa pamoja na bomba, mara nyingi mna nozeli ya magugu, ile inayotandaza maji bapa kwa matone makubwa. Funga hiyo, ikiwa mpya. Usipunguze presha ukidhani ndiyo dawa, badilisha nozeli.

Ya pili ni mahali maji yanapopiga. Maji yanatakiwa yapige ubavu wa diski, pande zote mbili, ili mzunguko wenyewe uyapeleke kwenye ukingo unaokata. Yakipiga juu ya gadi, au yakipiga tofali mbele ya mkato, yanalowesha tu. Geuza gadi kama mtengenezaji anavyoelekeza kwa aina ya mkato unaofanya. Gadi ikirudi nyuma sana, nozeli zinaelekea hewani na uso wako unakuwa wazi. Na tafadhali, usitoboe gadi ili kupitisha mpira. Gadi iko pale kukukinga vipande vya diski ikivunjika, na tundu lililotobolewa kwa drili linaiondolea nguvu. Tumia kishikizo cha kubana, au nunua gadi yenye nozeli zake.

Ya tatu ni msaidizi mwenye fimbo ya bomba. Kwenye saiti nyingi mmoja anakata, mwingine anasimama na bomba mgongoni akinyunyiza. Mkato ukisogea, fimbo inabaki nyuma. Msaidizi akisalimiana na mpita njia, mkato wa sentimita 20 umekwenda mkavu. Isitoshe yeye ndiye anayesimama upande vumbi linakotupwa. Fimbo ifungwe kwenye mashine, na msaidizi abaki na kazi ya kupampu, amesimama upande upepo unakotokea.

Halafu kuna swali ambalo lazima mtu aulize:

"Fundi, si tungeyamwagia maji matofali tangu jana, tukakata bila hili bomba?"

"Block ya saruji ukiimwagia imelowa ngozi tu, mzee. Diski ikizama kidogo iko kwenye ukavu, halafu joto lake linakausha hata pale palipolowa."

Tofali la kuchoma lililozamishwa kwenye pipa usiku kucha linapunguza vumbi kwa kiasi fulani, kwa sababu linanyonya maji. Pevingi na granite havinyonyi hivyo. Kuloweka ni nyongeza, hakuchukui nafasi ya maji ya kwenye diski.

"Vumbi linatoka upande mmoja"

Nozeli moja imeziba. Maji yanafuata njia rahisi, kwa hiyo nozeli nzima inamwaga zaidi na chupa yako inaweza hata kujaa kwa wakati. Ndiyo sababu baada ya kipimo cha pamoja unakinga kila nozeli peke yake na kulinganisha.

Fungua nozeli, loweka kwenye maji, sugua kwa mswaki wa zamani, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli kutoka upande wa mbele kwenda nyuma ili uchafu urudi ulikotoka. Waya na sindano vinatanua tundu, na tundu likishatanuka nozeli hizo mbili hazitalingana tena. Kupuliza kwa mdomo nako ni tabia ya kuacha.

"Mkato wa kwanza safi, wa tatu vumbi"

Hapa wengi wanalaumu pampu, wakati tatizo ni kujaza mno. Tangi la presha linasukuma maji kwa hewa iliyobanwa juu yake. Hewa ikiwa kidogo, inachoka upesi.

Chukua tangi lenye nafasi ya lita 10 kwa jumla. Ukiweka maji lita 7, inabaki hewa lita 3. Pampu mpaka geji isome baa 3. Kwa kuwa geji inaanza kuhesabu juu ya hewa ya kawaida, ndani kuna mbano kama mara 4 ya hewa ya nje. Ukitumia lita 3 za maji, hewa imetanuka kutoka lita 3 hadi 6, mbano umepungua nusu, na geji inasoma 1 hivi. Bado kuna kazi, na ukipampu mara chache inarudi.

Sasa jaza lita 9 ili "usirudi bombani mara kwa mara". Hewa ni lita 1. Geji ikisoma 3, baada ya lita moja tu kutoka imeshuka hadi 1. Zikitoka lita 3, geji iko sifuri, na lita 6 zimekaa ndani zikikutazama. Kwa kiwango cha nusu lita kwa dakika, lita moja ni dakika 2. Huo ndio ule mkato wa tatu.

Kwa hiyo jaza theluthi mbili ya tangi, au mpaka kwenye mstari wa mtengenezaji. Lita 7 kwa nusu lita kwa dakika ni dakika 14 za diski kuwa ndani ya jiwe, na hakuna anayekata dakika 14 mfululizo. Kitu kingine: tangi hili usilipampu wakati unakata. Msaidizi apampu kati ya mkato na mkato, au simama. Tangi likiwa limepampuliwa usiliache juani saa sita mchana. Hewa ya ndani inatanuka kwa joto. Vali ya kupumulia ipo kwa ajili hiyo, ila ukiona mtu ameiziba kwa gundi kwa sababu "inavuja", tangi hilo lisitumike mpaka vali ibadilishwe.

"Nozeli inatema hewa, tangi bado lina maji"

Ndani ya tangi kuna mrija unaoshuka mpaka chini kuchota maji. Ukipasuka au kuchomoka, maji yanatoka vizuri mpaka usawa wake ufike kwenye ufa, halafu inatoka hewa tu na presha yote inaisha kwa mara moja. Toa presha kwanza kwa vali, ndipo ufungue kifuniko, vuta mrija na uuangalie. Kipande cha mpira wa ukubwa ule ule kinatosha kuubadilisha, mradi kifike chini na kikatwe mshazari ili kisinyonye sakafu ya tangi.

"Napampu, presha haipandi" na ndugu zake

Mpini wenyewe unasema kasoro iko wapi, ukiusikiliza kwa mkono.

Mpini ukiwa mwepesi kama haujashika kitu, washa ya pistoni imekauka au imeisha. Vuta pampu nje. Washa ya ngozi iliyokauka inarudi ikilainishwa kwa mafuta na kutanuliwa kwa vidole, sawasawa na ya pampu ya baiskeli. Ya mpira ipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya petroli na oili chafu huwa yanaivimbisha mipira ya aina kadhaa, ikagoma kuingia tena kwenye silinda. Ikiwa imepasuka, badilisha, usiizungushie nailoni.

Mpini ukipanda wenyewe baada ya kuuachia, vali ya chini ya pampu haifungi. Hewa, na baada ya muda maji, inarudi ndani ya silinda na kuusukuma mpini juu. Mara nyingi ni chembe ya mchanga imekaa chini ya kile kipande cha mpira. Safisha, rudisha, jaribu.

Mpini ukishika vizuri, presha ikapanda, kisha ikashuka taratibu wakati koki imefungwa, kuna mvujo mahali. Changanya sabuni ya unga na maji, paka kwenye uzi wa kifuniko, kwenye vali ya kupumulia na kwenye kila kiungio cha mpira. Povu litakuonyesha. Oringi, yaani pete ya mpira ya kifuniko, ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa ikiwa imebanwa pamoja na mchanga. Kwenye viungio, mpira uliokaa juani unalainika na kulegea ndani ya klipu. Kata sentimita mbili za mwisho, funga upya kwenye sehemu nzima.

Presha iko sawa na mvujo hakuna, lakini chupa haijai? Fuata mpira kwa mkono kutoka tangini mpaka kwenye mashine. Umejikunja? Toroli limeupita na kuuacha umesimama juu yake? Koki ya kwenye mashine imefunguliwa yote? Halafu ndiyo ufungue chujio.

"Maji yanakuja yakikatika"

Kwa bomba la mgongoni la mpini, hiyo ni kawaida yake. Chumba chake cha hewa ni kidogo, kwa hiyo anayepampu akilegea tu, maji yanalegea. Msaidizi apampu kwa mwendo mmoja, hata kama ni polepole. Ikiwa anapampu vizuri na bado maji yanadunda, vali ndani ya chumba cha hewa imechoka.

Kwa la betri, sikiliza pampu. Ikiwaka na kuzima haraka haraka, swichi yake ya presha inahisi kizuizi mbele: nozeli ndogo mno au iliyoziba. Ikinguruma mfululizo bila maji kutoka, inavuta hewa, chujio la ndani limeziba au mpira wa kunyonya umechomoka. Ikinguruma kwa uchovu, pima betri. Ile ya asidi ya volti 12, ikiwa imepumzika na inasoma chini ya 12, imeisha, na ukiizoesha kufika huko itakufa mapema.

"Nozeli inaziba kila siku"

Usihangaike na nozeli. Hangaika na ndoo. Maji ya Ziwa Victoria yanafika Tabora mjini kwa bomba siku hizi, lakini saiti nyingi za pembezoni bado zinachota kisimani au zinanunua kwa mkokoteni, na maji hayo yana mchanga mwembamba. Yaache kwenye pipa usiku kucha, chota ya juu, mimina tangini kupitia kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili. Msaidizi achote kwa kopo safi, siyo kwa lile lililokuwa na saruji. Saruji iliyoingia kwenye nozeli ikaganda haitoki kwa mswaki.

Tope la kwenye mkato lisirudishwe tangini hata maji yakiwa haba. Lina unga ule ule unaoukimbia, na litamaliza washa na nozeli ndani ya muda mfupi. Maji yakiwa ya kubana, okoa kwa kufungua koki pale tu diski inapoingia kazini na kuifunga diski inapotoka. Jioni mwaga maji yote, suuza, acha kifuniko wazi kivulini. Tangi jeupe lililoachwa na maji juani linaota ukijani, na utando huo ndio utakaoukuta kwenye chujio.

"Diski haikati, mashine imekosa nguvu"

Kwanza angalia ni diski gani. Diski nyeusi ya kusaga, ile iliyogandishwa kwa gundi, haitakiwi kulowa isipokuwa imeandikwa hivyo. Maji yanaidhoofisha, na diski iliyodhoofika kwa mwendo ule inaweza kupasuka. Kwa kazi ya maji tumia ya almasi iliyoruhusiwa kukata na maji.

Diski ya almasi ikiacha kuuma na kuanza kuteleza, mara nyingi imeng'aa: almasi zimefunikwa na chuma kinachozishika. Kata mara chache kwenye kitu laini chenye mchanga, kwa mfano block dhaifu, kila mara kwa maji, itafunguka. Tatizo hili linazidi kwenye granite.

Mashine ya petroli inayokosa nguvu katikati ya kazi, fungua chujio la hewa. Ukilikuta limejaa unga, hiyo ni ripoti ya kazi ya bomba lako kwa wiki nzima iliyopita: mashine imevuta ulichovuta wewe. La karatasi halioshwi, linabadilishwa. Ukimaliza kukata, funga maji, acha diski izunguke sekunde chache ili ijikaushe kabla ya kuzima.

Grenda ya umeme

Nitakuwa mfupi. Grenda ya kawaida ya waya haikutengenezwa kunyunyiziwa maji. Maji yenye saruji yanaingia kwenye matundu ya kupozea na kufika kwenye waya, na umeme wa volti 230 ukiupata ukiwa umesimama kwenye tope, hakuna kasoro ya kutafuta tena. Kama lazima ukate kwa umeme, tumia mashine iliyotengenezwa kwa maji, kupitia kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30, na maungio ya ekstensheni yaning'inie juu, yasilale chini. Kwa vigae, ile mashine ya meza yenye beseni la maji ni salama zaidi na vumbi lake ni kidogo. Fundi anayekwambia amefunga nailoni kwenye grenda na imemtosha miaka yote anakueleza bahati yake.

"Tulikata kwa maji, jioni vumbi limejaa"

Tope limekauka. Kiangazi cha Tabora, kuanzia Juni mpaka mvua zinapokaribia, hakisubiri. Tope la saa nne asubuhi likipigwa na jua na upepo ni unga tena kabla ya jioni, na pikipiki mbili zikipita linapanda. Likombe kwa koleo likiwa bado bichi, litie kwenye ndoo au mfuko, na usifagie pakavu. Kama limeshakauka, lowesha ndipo ukwangue. Usilielekeze kwenye mfereji wa mtaa, litaganda humo.

Nguo nazo. Ovaroli iliyolowa tope ikikaukia mwilini inatoa vumbi kila ukiinua mkono, halafu unaibeba mpaka nyumbani kwa watoto. Ivue saiti, ilowekwe kabla ya kufuliwa.

Barakoa haiondoki hata bomba likiwa zima kabisa, kwa kuwa maji yanapunguza sehemu kubwa ya vumbi bila kulimaliza. Iwe ya FFP3, daraja linalochuja vumbi laini, iliyokaa usoni bila mwanya; ndevu zinaacha mwanya. Kitambaa, leso na zile za bluu za hospitali haziwezi vumbi hili. Na si fundi peke yake: anayepampu na anayebeba vipande wavae pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikingia, kwa hiyo bei yake iingie kwenye makadirio ya kazi pamoja na saruji na nondo.

Ukifika mahali pa kununua bomba jipya, usilipe kabla halijatiwa maji pale pale dukani. Pampu, funga koki, liweke chini, zungumza na muuzaji kuhusu kitu kingine, kisha rudi uangalie kama mpini umepanda au kifuniko kimelowa. Fungua koki, kinga chupa, tazama saa. Muulize pia kama ana washa, oringi na nozeli za akiba za aina hiyo hiyo. Asipokuwa nazo, nenda duka la pili.